Senti Kumi Iliyomnunua Anna

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika, ng'ombe hajui sikukuu. Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi kwenye bakuli langu la mafuta. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri. Umeingia mpaka barazani na haunisumbui.

Kwenye mafuta kuna sarafu za senti kumi, zile zenye tundu katikati. Jirani alizikuta akichimba viazi, zote ndani ya kopo lililooza. Za mkoloni, za shaba, pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Hapa Kwai zimejaa, kila shamba linazitapika. Mimi nazipenda hivyo hivyo. Nazichokoa kwa mwiba wa ndimu, polepole, mpaka herufi moja ijitokeze, kisha ya pili. Wengine huzisugua kwa chumvi na ndimu, au jivu. Zinang'aa siku mbili, halafu zinafubaa kabisa. Mafuta ya zeituni na subira, basi.

Nilipokuwa dereva wa lori la mboga nilikwenda Dar na kurudi mpaka barabara ikanichosha. Sasa nakwenda mbali zaidi nikiwa juu ya kigoda. Hii ilinunua nini? Kibiriti? Kitunguu? Nani aliifunga kwenye pindo la kanga akaisahau? Nasinzia na mwiba mkononi.

Anna anasema nimeoa mke wa pili, na mke huyo ni bakuli.

Jumatano, 9 Julai

Tumaini amelazwa hospitali ya Bumbuli. Uchungu bado. Daktari anataka awe karibu, basi. Ndiye mtoto wetu pekee na hii ni mimba yake ya tatu. Wa kwanza na wa pili tuliwazika. Naogopa. Nimemwambia Anna siogopi.

Jioni Anna amefungua droo ya cherehani, ametoa senti kumi yake. Tumeoana miaka yote hii na sijawahi kuishika. Nyeusi tii. Ni mafuta ya nyonyo aliyopakwa utotoni, yamegandamana na jasho na vumbi.

Wazazi wake walipoteza watoto wote waliomtangulia. Alipozaliwa yeye wakamuuza. Ndivyo walivyofanya baadhi ya wazee wa huku. Mtoto anapitishwa dirishani, mtu wa nyumba nyingine anampokea akiwa nje, anatoa sarafu. Kuanzia hapo si wao tena. Kifo kikija kumuulizia kwenye nyumba hiyo, hayupo, ameshauzwa. Mnunuzi anawarudishia wamlee tu. Sarafu hiyo mtoto anafungwa kiunoni.

Aliyemnunua Anna ni Bi Zaina wa kule bondeni, wakati huo mwali aliyeletwa kwa mumewe juzi tu. Yuko hai mpaka leo, na anapenda kunikumbusha kwamba mahari nilipeleka nyumba isiyohusika.

Anna anataka senti ile ile afungwe mtoto wa Tumaini. Anaimba kwaya kila Jumapili na hili analiamini. Mchungaji asisikie. Mimi je? Sijui. Kwa leo naliamini.

Kamba imeoza. Amenipa mimi kwa kuwa nina vidole vya kazi hizo. Amesema, "Badilisha kamba tu, Baba Tumaini."

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata uzi imara kwa fundi viatu. Sijaufunga.

Senti iko mezani. Naigeuza. Karibu na tundu kuna herufi inayotaka kutoka. Kuna mfalme mmoja wa Waingereza ambaye hata mwaka hakuumaliza, akaacha kiti. Jina lake liko kwenye senti za tundu za mwaka huo mmoja. Nimeitafuta muda mrefu. Sina.

Badilisha kamba tu. Nimesikia.

Ijumaa, 11 Julai

Anna ameshuka Lushoto sokoni kununua beseni na vitambaa vya mtoto.

Nimeitia kwenye mafuta. Nisome jina tu, kisha niitoe. Nimeilaza pembeni, upande wa bakuli wenye ufa, mbali na zile za viazi. Naandika nisisahau: upande wenye ufa.

Mchana nimesinzia kwenye kiti. Nimeota mikono. Imepangana kuanzia Mombo, kule chini ya mlima, mpaka huku juu, kila kona ya barabara mkono mmoja, na senti inapitishwa kutoka kiganja hadi kiganja. Hakuna nyuso. Mkono wa mwisho ulikuwa mdogo sana. Nimeamka nikiwa na raha ambayo sikuielewa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya balaa.

Asubuhi ukungu mzito, mimi nusu nimeamka, nusu bado niko kwenye ile ndoto. Mafuta yalikuwa yamechafuka. Nikafanya ninavyofanya kila mara. Nikashika bakuli, nikamimina kwenye chujio. Zote zikaporomoka pamoja. Zimegongana, zimelala, ndipo nikakumbuka.

Ule weusi ulikuwa umelainika. Nilipozipangusa ukahamia kwenye kitambaa, bila kunionyesha umetoka kwenye ipi. Sasa zote ni za kahawia, zote nzuri, zote sawa. Nimezipanga kwenye taulo, nimechukua lenzi. Nimetafuta alama ya kamba kwenye tundu. Zote zinayo! Nani hakuzitunga senti hizi kwenye uzi zamani? Nimenusa nyonyo. Zinanukia zeituni.

Na mojawapo ni ya yule mfalme. Jina lake lipo, kamili, kila herufi. Nilifurahi. Ndiyo, kabla ya yote nilifurahi, mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hiyo yaweza kuwa ya Anna. Yaweza kuwa ya shambani. Watu wananiletea sarafu kutoka Soni na Mlalo niwaambie ni za nini. Hii moja iliyokaa nyumbani mwangu siijui.

Jumapili, 13 Julai

Anna kanisani. Nimesema mgongo unauma. Mgongo hauumi.

Nimechukua moja, si ya mfalme. Nimeipaka nyonyo na masizi ya sufuria, nimeifunga uzi mpya. Imetokea vizuri mno. Hata mimi ningedanganyika. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani.

Nikakaa. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, nikaona mashamba ya karoti upande wa pili, kijani mpaka chini, na watu wadogo wadogo ndani yake. Nikawaza mtoto amefungwa masizi ya sufuria kiunoni. Nikawaza akizikwa nayo.

Nimeitoa. Nimeiosha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwambia Anna. Nimezimwaga zote mezani mbele yake. Na ile ya mfalme.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alizigusa moja moja kwa kidole kimoja. Akasema, "Nilikupa moja." Akaenda kukata majani ya ng'ombe, kazi ambayo ni yangu.

Jumanne, 15 Julai

Chai imewekwa mezani, haijamiminwa. Tumaini amepiga simu, anauliza mama yuko sawa? Nimesema yuko sawa.

Nimechoka na mimi mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Anna amezifunga senti zote kwenye leso, ameanza kuteremka bondeni bila kuniita. Nimemfuata. Njia ina utelezi, huoni mbele zaidi ya migongo ya miguu yako. Mara nyingine nilimwona, mara nyingine niliona kanga yake tu ikielea. Nilitamani njia isiishe. Nilitamani pia iishe haraka.

Bi Zaina alikuwa jikoni anapepeta maharage. Masikio mazito, ulimi mwepesi. Tukampa shikamoo. Anna akafungua leso kwenye ungo, juu ya maharage, akamweleza, akamwomba aonyeshe ipi ilikuwa yake.

Bi Zaina hakuinama hata kutazama.

"Nitajuaje? Nilikuwa nakwenda dukani kununua chumvi. Nikapita nyuma ya kwenu, mama yako anakulilia dirishani. Nikatoa nilichokuwa nacho. Siku hiyo tulikula mboga isiyo na chumvi, mume wangu akanuna."

Anna akasema, basi zote apewe mtoto, ya kwake imo humo humo. Bi Zaina akazisukuma kwa mgongo wa mkono. Maharage mengine yakaanguka.

"Hizi haziwezi. Mgoshi huyu, mumeo, ameziweka tu azitazame, hazina safari. Mtu ananunuliwa kwa pesa iliyokuwa inakwenda kununua kitu, na kitu hicho ukikose."

Nikamwambia ninayo pesa ya kawaida, ya leo, mfukoni. Akaniuliza kama nimekuwa mjinga. Babu anajinunulia mjukuu? Anayetakiwa ni mtu wa nje.

Kisha akamgeukia Anna. Sauti ilishuka, kana kwamba mimi sipo. "Mwanangu, wewe kilichokushika duniani si kile kipande. Nilikupokea. Kila asubuhi nikapita kuuliza mali yangu imeamkaje. Ulipougua nilikaa na wewe. Huyo wa Tumaini akizaliwa, nipelekeni."

Anna alilia pale pale, kwa sauti, mikono kwenye maharage. Mimi niliokota yaliyoanguka.

Tukapanda mlima pamoja. Penye utelezi alinishika mkono.

Ijumaa, 18 Julai

Amezaliwa. Wa kike. Mdogo, analia. Tumaini yuko salama. Anna yuko naye Bumbuli. Simu ilikatika kabla sijauliza zaidi. Nimemwambia ng'ombe.

Jumapili, 20 Julai

Mtoto hanyonyi vizuri. Wamemweka kwenye mashine ya joto. Anna amesema kwa simu nisije kwanza, nikae, nije na Bi Zaina wakiruhusiwa.

Sikugusa bakuli. Nimekaa barazani tu. Mawingu yalikuwa chini yetu, nyumba ya Bi Zaina imezama humo, na nilisikia jogoo wake akiwika kutoka ndani ya weupe. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kishambaa endapo hakusikia vizuri.

Jumatano, 23 Julai

Ameanza kunyonya. Wanaruhusiwa Ijumaa.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeazima pikapu ya mkwe wa jirani. Bi Zaina amekaa mbele, kanga mpya, anashikilia mlango kwa mikono miwili. Kuanzia Soni alinisimanga kwa kila kona. Nilimwambia nimeendesha lori maisha yangu yote. Akasema ndiyo maana nyanya za kutoka huku hufika Dar zimepondeka.

Nyumbani kwa Tumaini na mumewe, nje kidogo ya Bumbuli, dirisha la nyuma linatazama mashamba ya chai. Bi Zaina akazunguka nje, akasimama kwenye matope. Mimi niliambiwa nikae kwenye gari. Wazazi na babu hawatakiwi nje upande wa mnunuzi.

Niliona kwenye kioo cha pembeni, kidogo kidogo. Dirisha likafunguka. Mikono ya Anna ikatoka na kifurushi cheupe. Bi Zaina akakipokea, akakiegemeza begani kama mtu aliyezoea. Akafungua fundo la kanga kwa meno. Kitu kikapita dirishani kuingia ndani. Mvua ndogo ilikuwa inaanza na kioo kikajaa matone, nikaona rangi tu.

Baadaye nilimuuliza Bi Zaina pesa hiyo ilikuwa inakwenda kununua nini. Dawa ya goti lake, akasema, na nisimletee nyingine, ama nitaharibu kila kitu. Aliteremka garini Kwai akichechemea. Nilitaka kumbeba. Alinipiga kofi mkononi.

Jumatano, 30 Julai

Nimepanda basi mpaka Bumbuli kumwona mtoto. Kabla ya kuondoka nilipita bondeni kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Bi Zaina akasema niende, nisimkoholee mtoto wake, na nikirudi nimweleze ameamkaje.

Tumaini alikuwa amelala. Jua la mchana limetulia juu ya chai, hakuna ukungu, kila jani liko mahali pake. Anna alikuwa amekaa kitandani na mtoto miguuni, anambadilisha nguo. Alinisogezea kiti.

Uzi niliomnunulia kwa fundi viatu ulikuwa kiunoni mwa mtoto. Pesa ya Bi Zaina iliyofungwa juu yake ilikuwa chini ya kitambaa. Anna akaniuliza kama nataka kuiona.

Nikasema hapana.

Akafunga nguo, akaninyooshea mtoto.