Mlio Kutoka Korongoni

Majengo, Moshi
14 Desemba 1997

Kaka yangu mpendwa Wenseslaus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, pamoja na wifi Justina na watoto. Sisi huku tunapumua tu. Mvua haitupi nafasi. Barabara ya Mwika imekatika tena, na kahawa ya Mama imekosa jua la kuianika.

Kwenye simu nilikwambia tu kwamba mdogo wetu Tito ameumia mlimani na amelazwa. Uliniuliza maswali mengi, nikashindwa. Acha niandike.

Tito alikuwa akiteremka na wapagazi wenzake. Ukungu ukawafunika, akapotezana nao, akateleza na kuangukia korongoni. Mguu ukavunjika. Alikuwa na redio ndogo ya upepo, lakini betri ilikuwa inakaribia kuisha na maneno yake hayakueleweka. Mimi nilikuwa hapa ofisini, kwenye redio kubwa, kwenye kazi yangu ile ya kuzungumza na misafara. Nilichopata ni mikwaruzo, kama bisi zinazopasuka sufuriani, na ndani yake mlio mwembamba wa kitufe cha kuitia.

Elifuraha, kiongozi wa msafara, alikuwa akimtafuta na watu wake. Akamwambia kwa redio asihangaike kusema, abonyeze kitufe tu: mlio mmoja mrefu ni ndiyo, miwili mifupi ni hapana. Kisha akamuuliza kama yuko upande wa mashariki wa korongo.

Kaka, mlio ulikuja. Mwanzo wake ulifunikwa na mikwaruzo. Katikati ukapotea kidogo, ukarudi. Je, Tito alikiachia kitufe, au mikwaruzo iliumeza? Elifuraha naye hakuwa na hakika, akaniambia, “Dada, masikio yako ndiyo yamezoea. Ni mmoja au miwili?”

Nikafumba macho. Nikasema miwili.

Wakaenda magharibi, wakapita nyuma ya mgongo wa mlima ambako redio haifiki. Hapo ndipo mlio ulipokuja tena. Safari hii ulikuwa mrefu, unazama na kuibuka, hata sikujua kama umekwisha au ni mimi tu bado nausikia. Nilimjibu Tito, kimya. Nilimwita Elifuraha mpaka koo likakauka. Mkuu wetu akasema hana watu wengine wa kupeleka, na giza linaingia. Nikabaki nimekaa, kaka, nimekumbatia redio kama mtoto mgonjwa.

Walimpata kesho yake, upande wa mashariki, yu hai. Lakini baridi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Mguu madaktari wameukata chini ya goti.

Hayo ungeweza kuyasikia kwa yeyote. Hili hata Mama halijui. Jumapili, Mama alipotoka kufua, Tito alinishika mkono akaniambia kosa lilikuwa lake. Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi, kikateleza, mlio ukakatika. Kumbe nilisikia sawasawa. Akasema alipotambua kwamba amesema hapana, alikikandamiza kitufe kwa kiganja mpaka betri ikafa. Kisha akaniuliza, “Dada, ule mrefu ulifika?”

Nikamwambia haukufika.

Niliogopa ajue kwamba nilikuwa nikimsikia, na bado akalala kule peke yake. Nilidhani namhurumia. Akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hasemi, hata bakuli la mtori wa Mama analirudisha. Sasa nawaza kwamba labda alitaka kujua tu kuwa kulikuwa na mtu upande wa pili. Nikimwambia leo, atajua nilimdanganya, na atauliza mbona hakuna aliyekuja. Lipi litamuumiza zaidi? Kila siku nakaa kando ya kitanda chake, namsimulia habari za mvua na kahawa, kisha naondoka bila kumwambia.

Wewe ndiye mkubwa wetu, kaka. Niambie la kufanya, au njoo umwambie wewe.

Mama anakusalimu sana na anasema usimsahau katika rozari. Mpe wifi salamu zangu, wakumbatie watoto. Mungu awatunze huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Lukresia