Jina Chini ya Picha

Jumatatu, 4 Machi

Nimeipiga picha ile picha ya shule. Wadudu wameila pembeni. Nikaona bora simu iihifadhi kabla hawajafika usoni. Mdogo wangu yuko mstari wa mbele, amekunja uso kwa jua.

Simu ikaniwekea nyuso mbili kando kwa kando – msichana yule, na bibi aliyepakata mjukuu, kutoka albamu ya pamoja ninayochangia na binti yake. Ikauliza: ni mtu mmoja? Nilicheka peke yangu. Mimi mwenyewe ningepishana naye njiani, na kidude hiki kimemjua! Nikabonyeza ndiyo. Ikataka jina. Nikaandika – lake, la baba, la ukoo. Raha iliyoje kuliona limeandikwa.

Jumatano, 6 Machi

Raha imekwisha. Jina lile halijaandikwa popote tangu tutawanyike. Mimi nilivuka mpaka. Yeye alibaki, akachukua jina la jirani aliyekufa, akaolewa nalo, akazaa nalo. Binti yake ananiita mjomba kwa heshima tu – anadhani mimi ni rafiki wa zamani wa mama. Na huyo binti ameolewa na mtoto wa watu wale wale waliotusaka nyumba kwa nyumba.

Nimefuta jina. Nimefuta picha.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa fundi simu, kibandani chini ya ngazi. Anasema picha zangu hupanda zenyewe hadi kwa kampuni iliyotengeneza simu, na majina pamoja nazo. Kufuta kwangu si kufuta kwao. Nani kawaruhusu? Wewe, mzee! Siku ya kwanza ulibonyeza "Nakubali".

Kweli. Mimi ninayesoma vitabu hadi tanbihi – kurasa zile sikusoma hata mstari.

– Hii simu, mzee wangu, inakujua kuliko mkeo.

Nikamwambia mke wangu alikufa na maswali yake. Akacheka sana. Akazima hiki, akazima kile. Yaliyokwenda, akasema, yamekwenda.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yake amepiga, anacheka. Mjomba, simu yangu imechanganyikiwa! Kwenye albamu yetu, chini ya kila picha ya mama imeweka jina la mtu mwingine. Kwenye simu ya mume wangu vilevile. Nani huyu? Akalisoma lote kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita wanafunzi.

Nilikuwa nasikia vyombo vikioshwa nyuma yake. Vikanyamaza.

Nikasema simu hukosea. Nikasema tena. Sawa mjomba, akasema, ila subiri – mume wangu anataka kukuamkia.

Sauti ya upole kabisa:

– Shikamoo, mjomba. Hilo jina la ukoo, baba yangu hulitaja mara kwa mara. Wewe unalifahamu?

Nimeilaza simu mezani, kioo juu, spika wazi. Haijakatika. Naandika ili mkono uwe na kazi. Huko mtu amefunga mlango. Yeye bado anasubiri jibu, haharakishi.

– Mjomba? Upo? Mama mkwe hapa naye kanyamaza hivyo hivyo.