Paka Kaegemea Ukuta wa Valdeci

Shoga, acha kukaanga hiyo tapioka usome. Unamkumbuka Valdeci, binamu wa mume wa Jandira, anayejiita fundi umeme?

Leo kamfungia Jandira kisanduku kipya cha umeme, kikubwa, kinang'aa. Shawa ya umeme ikawashwa, swichi ya usalama ndani yake haikuruka kukata umeme. Valdeci akatamba: "Shemeji, oga mpaka uchubuke!"

Jandira akaguna. Swichi iliyokuwa ikiruka kila mtu akioga, leo imepata wapi adabu?

Halafu akamwona paka. PAKA, shoga! Farofa wake kaegemea ukuta wa chumba cha watoto, anakoroma kama yuko kando ya jiko la moto. Jandira akagusa ukuta. Wa moto! Na humo ndimo unamopita waya wa shawa.

"Valdeci, waya wa shawa ulibadilisha?"

"Wa nini? Ule wa zamani mzima. Nimeweka swichi kubwa tu."

"Si ndiyo maana ile ndogo ilikuwa inaruka, kwa kuwa waya ni mwembamba?"

"Aa, ilikuwa inasumbua tu, shemeji."

INASUMBUA TU! Kilichokuwa kinawalinda watoto, yeye kakiona msumbufu!

Jandira akazima umeme wote. "Basi usiku ulale wewe chumba hicho, shawa nitaifungulia mimi."

Kisha bwana fundi akauliza duka la waya linafungwa saa ngapi.

Sasa watoto wanaoga maji baridi wakipiga kelele. Ukuta umepoa, paka kanuna.