Kitindamimba Hataki Kukaa

Jumatatu, 10 Juni

Kitindamimba kanigomea tena! Kati ya peptidi zote, vijipande vya protini tulivyotengeneza hapa maabara, yeye ndiye wa mwisho na ndiye nimpendaye. Kazi yake moja tu: akae mapema kwenye kipokezi, kile kiti cha homoni juu ya seli, homoni ya msongo ikifika ikute kiti kina mtu. Hata mkia wa mafuta nilimfunga mwenyewe, kwa mbwembwe, asiishe haraka kwenye damu. Lakini mashine inayohesabu homoni zilizokaa haijashusha namba hata kidogo. Zimekaa zote, raha mustarehe.

Profesa kasema Ijumaa ndiyo mwisho. Asipokaa, anafungiwa kwenye friza na mimi nahamia mradi wa wengine. Miaka yangu miwili!

Jumanne, 11 Juni

Nimerudia. Wapi! Jirani yangu wa meza ya pili, tunamwita Bingwa, kanishauri nijipime mwenyewe, maana homoni za msongo ninazo za kutosha mji mzima. Nimecheka mpaka nikamwaga maji. Kisha nikaenda chooni kulia kidogo. Basi.

Jumatano, 12 Juni

Mume wangu kaja juu kuhusu kopo langu la chakula. Lilikuwa na mchuzi tangu juzi. Nimelisugua wee, mafuta hayatoki, yameng'ang'ania plastiki. Anataka tulitupe. Nikaganda na sponji mkononi. Mafuta. Plastiki. Mkia wa mafuta!

Jamani — Kitindamimba hajawahi hata kufika kwenye kipokezi! Namchanganya kwenye mirija ya plastiki, ananata ukutani humo humo, halafu mimi namimina maji matupu na kumlaumu. Nimemkumbatia mume wangu na mapovu yote. Kauliza, sasa kopo tunatupa au hatutupi?

Alhamisi, 13 Juni

Nimetia albumini kwenye maji ya kuchanganyia. Protini ya kawaida tu, itangulie kuzifunika kuta za mirija, mwanangu apite. Bingwa kanisaidia bila kuombwa. Hata utani hakutia. Naogopa.

Ijumaa, 14 Juni

Profesa kaja asubuhi, kasimama mlangoni. Hakai kamwe huyu, mikutano yote anaimaliza wima. Nikamweleza habari ya mkia na mirija.

"Sababu nimesikia nyingi, binti yangu. Nionyeshe namba."

Nikawasha mashine. Safu ya kwanza, dozi ndogo kabisa: namba ileile. Ya pili: imepungua kidogo. Ya tatu: nusu! Ya nne — homoni karibu zote zimekosa kiti!

Profesa kasema mara moja huenda ni bahati, niingize sahani ya pili ya vipimo vilevile. Haya, imeingia. Bingwa kashika kichwa. Profesa kavuta kiti changu, kakaa, pua karibu iguse kioo, wala haoni kuwa naandika nimesimama. Safu ya kwanza, ileile. Ya pili —