Waya wa Diski ya Pili

Garsen,
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Tasnim,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Malindi, na mafua uliyoondoka nayo hapa yamekwisha. Sisi hatujambo. Joto la Garsen unalijua, halihitaji kusimuliwa. Mto umerudi mahali pake na ndizi za Hewani zimeanza kufika sokoni tena. Baba nilimpigia jana Kipini, yuko salama, anakohoa kidogo na dawa anazikataa kama kawaida yake. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma na kunyamaza. Karatasi haitaniambia kama umeisoma, basi huenda hii ukaisoma kwa raha zako.

Nilikwambia kwamba siku chache baada ya wewe kuondoka niliwasha kompyuta ya studio nikakuta C ipo, D haipo. D ndiyo ile diski ya pili uliyoifunga kwa mikono yako enzi zako za kutengeneza kompyuta kule saiba, harusi zilipoijaza ya kwanza. Na kazi yangu unaijua. Usiku wa wanawake, nywele wazi na viuno vikizunguka, anapiga picha mwanamke, anazikata mwanamke, na mwanamume haketi mbele ya mashine ile. Hata mume wangu hajawahi kuigusa. Ndiyo maana wateja wananijia kutoka Minjila hadi Golbanti.

Ndani ya diski hiyo imo harusi yako, yote, haijakatwa. Na ndani ya harusi yako yumo Mama. Tangu tumzike, hakuna mahali pengine anapotembea na kucheka isipokuwa humo. Niliwaahidi wanawake wa Kipini kwamba hitma yake ikisomwa, baadaye tutajifungia ndani kwa Shangazi Pekeshe niwaonyeshe Mama akicheza chakacha. Ulipokuja kwenye matanga nikakwambia na wewe, kwamba nitaipitia harusi yako mwanzo hadi mwisho nimtafute Mama kila alipo. Ulisema ni wazo zuri, ukaniomba chai.

Basi nikamwita fundi. Mji huu una fundi mmoja anayejiita mhandisi, jina lake Mukhtar, mwenye vyeti ukutani kama kalenda na miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Kabla hajafika, habari zilimfikia Bi Dahabo, yule mama wa Kiorma ambaye binti zake wote nimewapiga picha za harusi. Akaja na wenzake, wakaketi kwenye mkeka kama baraza la kata. Akatangaza kwamba mwanamume hataangalia skrini hiyo. Nikamweleza kwamba D haionekani, kwa hiyo hakuna cha kuangalia. Akanijibu kwamba kama haionekani sasa, huenda ikaonekana ghafla, na huyo mwanamume atakuwa ameketi papo hapo na macho yake.

Mtu mwenye akili angejiondokea. Mhandisi wetu alikubali. Aliketi amegeukia ukuta, akaniagiza nimsomee kinachotokea. Nilipoiwasha, yalitokea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yakisema diski ya pili haikupatikana, gusa kitufe uendelee. Nikamsomea. Akasema niguse kitufe niendelee. Tasnim, jibu lilikuwa pale, limeandikwa, na yeye akaliruka kwa sababu alikuwa na haraka ya kufika kwenye virusi. Alitaka virusi. Aliuambia ukuta habari za virusi mpaka wale wamama wakaanza kujifunika pua.

Virusi vilipokosekana, akataka nifute kila kitu kwenye C na kuanza upya. Nikamuuliza kufuta kilichopo kutaletaje kisichokuwepo. Akacheka kile kicheko cha mwanamume anayemhurumia mwanamke, akasema hayo ni mambo ya kiufundi. Nilikataa. Akaomba basi afungue sipiyu, Bi Dahabo akasimama mlangoni. Kwa maelezo yake, wasichana wamo ndani ya hilo sanduku, na kulifungua mbele ya mwanamume ni sawa na kuwafungulia chumba wakivaa. Mukhtar hakubisha. Alilitegea sikio lile sanduku kwa upande, macho ameyafumba kwa heshima, kisha akatoa hukumu kwamba diski imekufa na lazima aipeleke Nairobi kwenye begi lake. Hapo ndipo wamama walipomtoa nje, na miwani yake ikabaki kwenye mkeka. Bado iko hapa. Hajaja kuichukua na simlaumu.

Sikupata usaidizi wowote kwa hao, ila kelele zao zilinitia hasira ya kufanya mwenyewe. Nilikupigia kukuuliza. Ukasema upesi sana kwamba diski ikiwa mbovu ni mbovu, niitupe ninunue nyingine. Nikasema nitaifungua kompyuta niiangalie kwa macho yangu. Tangu hapo simu yangu hujaipokea tena, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikadhani una shughuli.

Nilifungua kwa bisibisi ya cherehani. Vumbi la Garsen lilikuwa limelala humo kama unga, isipokuwa mstari mmoja msafi kutoka kwenye diski ya pili hadi kwenye ubao. Diski yenyewe ilikuwa hai, niliiwekea kiganja ikawa inatetemeka kama siku zote. Umeme ilikuwa ikipata. Waya wa pili, ule mwembamba wa kupitisha picha, haukuwepo. Haukulegea, haukukatika, haukutafunwa na panya. Ulikuwa umechomolewa, na skrubu za kava zimerudishwa vizuri na mtu anayejua kazi.

Niliwashuku wote. Nilimshuku Mukhtar, ambaye hakuligusa hata sanduku. Nilimshuku Bi Dahabo kwamba amechukua hatua zake za kulinda heshima, ingawa hajui kutofautisha waya na kamba ya mbuzi. Mwisho nikakata tamaa, nikasema nitakwenda Kipini bila picha, angalau nimpelekee Shangazi ile leso ya kisutu ya Mama. Nikafungua kasha la Mama. Tangu Baba aliponipa sikuwahi kulifungua, kwa sababu ya ile harufu ya udi. Lipo chumba cha studio, kile ulicholala wewe. Kisutu ilikuwa juu kabisa, imekunjwa upya, na katikati ya mkunjo ulikuwemo waya.

Nikaurudisha mahali pake, D ikatokea. Nikaangalia harusi yako mwanzo hadi mwisho, kama nilivyokwambia nitafanya.

Siku ile niliacha kamera kwenye stendi yake, ikirekodi, chumbani kwako ukikausha hina, nikaenda kula pilau. Kipande hicho sikuwahi kukitazama, maana nani anataka kuona hina inakauka. Mama anaingia, anafunga mlango, anaketi chini. Kamera hakuiona, au aliiona asijali; wewe umeielekea. Anakwambia, “Mwanangu, kwamba hutaki, nambia sasa. Mimi mwenyewe tawambia warudi kwao. Pilau tutakula wenyewe.” Wewe unacheka. Unasema Adnan unamtaka, usipompata utakufa. Mama anangoja. Anakuuliza tena, taratibu, na wewe unamjibu vilevile. Ndipo anapokufuta jasho la uso kwa ncha ya ile kisutu na kutoka.

Ndoa ikavunjika, Tasnim, na ndoa huvunjika. Hakuna aliyekucheka. Lakini ulisimama uani kwa Shangazi Pekeshe ukasema Mama alikulazimisha. Alipoulizwa, Mama aliendelea kupepeta mchele. Nilidhani anakiri. Sote tulidhani. Baba aliacha kula chakula cha mkono wake, akawa anamwagizia maneno kwa watoto wa jirani, na hivyo hivyo Mama akafa. Hata sasa Baba akifika kaburini anasoma Fatiha na kuondoka, haketi.

Nimemdharau Mukhtar kurasa nzima, lakini yeye alikosea kwa kutojua. Wewe ulijua nilichokuwa nakwenda kukiona. Ulilala kwenye chumba changu, ukanywa chai yangu, ukalia matangani kuliko sisi sote, ukachukua bisibisi. Sina neno la kukupa kwa hilo, na nimelitafuta.

Jambo moja tu ndilo linaloikwamisha hasira yangu. Ungetaka ipotee ungeing'oa diski ukaitia mtoni, kazi ndogo kwako. Hukuweza, kwa sababu yumo. Na waya ungeutupa njiani ukielekea Malindi, ila uliuweka ndani ya nguo yake, mahali ambapo siku moja lazima ningefungua. Kwa kiasi hicho nakujua.

Kwa hiyo sikiliza. Wanawake wa Kipini nitawaonyesha Mama akicheza, basi. Kile kipande cha chumbani sitakipeleka kwao. Lakini Baba utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla ya hitma. Usipokuja, nitamleta Garsen nimketishe mbele ya kompyuta, na Bi Dahabo hatakuwa na la kusema. Baba ni mume wa Mama na wewe ni binti yake, anaruhusiwa kuwaona nyote wawili. Na akisha kuona, nitampeleka mwenyewe kaburini akae anavyotaka.

Watoto wanakusalimu, wanauliza mama yao mdogo atarudi lini, nami nawaambia hivi karibuni. Jirani zako wa kule wape salamu zangu. Kula vizuri, na hayo mafua usiyapuuze.

Waya umo ndani ya bahasha hii. Nimeshanunua mwengine.

Mimi dada yako,
Mishi