Mkoba Wako Bado Uko Msumarini, Dada Rula

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo sana. Njia moja kichwani mwangu, upande wa kushoto juu ya sikio, ilipinda. Ule mstari wa ngozi unaobaki kati ya msuko na msuko, ambao wewe ulikuwa ukiuchora bila kuutazama mara mbili, ulianza vizuri kwenye paji la uso, halafu ukakata kona. Niliuona kwenye kioo. Wateja ndio waliokupa jina la Rula, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukuona ukipindisha. Ukaniuliza, "Vipi, bibi harusi, umejipenda?" Nikasema ndiyo, nikafunga kitambaa.

Mwaka mmoja umekatika tangu ututoke, dada yetu, na mimi kila nikikukumbuka naanzia kwenye njia ile.

Mama amesema niandike mimi. Nilimwambia darasa la tano sikulimaliza, kwa nini asiandike kaka? Akajibu, "Kaka yako ataandika kama fomu za mizigo ya lori lake. Andika wewe uliyekuwa naye pale mezani." Basi naandika.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukisimama saluni. Kiatu kimoja umekivua, mguu mmoja umeuweka juu ya mwenzake kama korongo, kitana cha mkia umekibana kwa meno, na bado unaongea. Ulimwambia yule mama mwenye duka la vitambaa, "Kichwa chako hiki kigumu, shoga, huyo mume anakiwezaje?" Saluni nzima ilicheka, naye akacheka zaidi ya wote, na wiki iliyofuata akarudi na dada zake wawili.

Lakini aliyekuja na nywele nyembamba hukumtania hata siku moja. Hukumwambia mtu kwamba nywele zake ni chache. Ulimwambia, "Zako zina nafasi." Yule bibi aliyetoka hospitali na vishungi vitatu vya nywele ulimsuka asubuhi kabla wateja hawajaja, taratibu, ukiongea naye habari za wajukuu, na ulipomaliza ukampa kioo kama unayempa zawadi. Bado hupita saluni kuuliza, "Yule binti wa nafasi yuko wapi?" Mwenye saluni anamkalisha tu, anamletea maji.

Hatutaficha yaliyotokea katikati, kwa sababu wewe mwenyewe hukuyaficha. Ulikuwa ukiwaambia wazi wasichana waliokuja kujifunza kazi: "Baba wa mtoto wangu ndiye aliyeniletea unga. Alisema utaniondolea uchovu wa miguu. Yeye aliondoka, unga ukabaki."

Ulibaki miaka mitatu. Njia zikaendelea kupinda, mpaka wateja nao wakaona. Ulianza kuchelewa, halafu ukaanza kusinzia umesimama, halafu kiti chako saluni akapewa mwingine. Nyumbani ikapotea pasi. Mama ni dobi, na pasi ndiyo mkono wake wa kulia. Akaazima ya jirani. Ilipopotea suti ya mteja, tena mteja aliyekuwa na shughuli yake kesho yake, Mama alisimama mlangoni mikono nyuma kama mtoto wa shule, akapokea maneno yote peke yake. Siku ile kaka alibadilisha kitasa. Akasema, "Akija akae kibarazani. Ndani hapiti."

Nami nikatoka shule nibaki na mtoto wako. Watu waliniuliza, nikasema shule sikuipenda. Haikuwa kweli, ila sikupata taabu kubwa kuisema, maana mimi na kunyamaza tumezoeana.

Ulikuwa ukija mchana, kaka akiwa safarini. Unakaa kibarazani, umekonda, mikono mirefu ya nguo imefunika mpaka vidole, na binti yako anakuletea kila alichonacho akuonyeshe. Siku moja ukasema, "Njoo nikusuke, mama." Alikuwa na miaka minne. Akakaa katikati ya magoti yako, ukaanza. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilipomaliza kamba zote mbili nikaja kuchungulia. Ulikuwa umelala, kichwa ukutani, kitana mkononi. Mtoto amekaa vilevile, shingo wima, hatikisiki. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama juu.

Nikamnong'oneza, "Njoo ndani."

Akanionyesha kidole mdomoni. "Mama mdogo, shhh. Nikitingishika ataamka."

Jua lilihama kutoka kwenye miguu yake likafika kwenye mabega, naye yumo. Ulipoamka ulimtazama muda mrefu. Ukaugusa upande uliosukwa, ukaugusa na ule mwingine. Ukaniuliza, "Amekaa hivi tangu saa ngapi?" Nikakwambia. Hukulia. Uliweka kitana chini ukasema, "Mwambie kaka yako akirudi anipeleke. Popote wanapopeleka watu kama mimi, anipeleke."

Kaka alirudi usiku, na asubuhi alikupeleka kwa lori lake mpaka kwenye nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha unga. Anasimulia kwamba njiani arosto ya kukosa unga ilikukamata, ukatapika, ukatetemeka, ukamtukana matusi ambayo hata madereva wenzake hawayajui. Kila baada ya tusi unamwambia, "Usisimame. Hata nikikuomba, usisimame." Hakusimama.

Ulikaa miezi sita. Uliporudi ulikuwa umenenepa mashavu, na mkononi una mkoba wa kahawia wenye mkanda ulioshonwa mara mbili. Sisi hatukujua tukupokee vipi. Mama alikuwa na furaha na woga, vyote mahali pamoja, mpaka akawa anapanga vikombe ambavyo vilikwisha kupangwa. Wewe hukukaa. Uliweka mkoba mezani, ukaufungua mdomo wote, ukanigeukia mimi, mdogo wako wa mwisho. "Haya, Forodha. Kagua."

Nikautazama mkoba, nikamtazama Mama.

"Mshauri wetu kule ametuambia tukirudi nyumbani tusiombe kuaminiwa. Tuombe kukaguliwa. Kwa hiyo kagua, na ukimaliza useme 'pita.' Usiposema, mimi sikai."

Nikakagua. Kulikuwa na kitana, kioo, kitambaa na barua ya mtoto, michoro mitupu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Pita." Ndipo ukavuta kiti.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila jioni saa kumi na mbili, mkoba mezani. Jina la Forodha likanishika, mpaka wateja wa Mama wakaniita hivyo. Nilikuwa sina sauti mbele za watu, lakini pale mezani ulinifanya afisa. Nilijifunza kukunja uso. "Abiria, huu mfuko wa pembeni mbona umefungwa?" Nawe unajibu, "Naomba radhi, mkubwa, zipu ina kiburi." Jumamosi ulikuwa unaficha pipi ndani ya kitambaa. Nikiipata unasema, "Yamekamatwa! Hayo ni magendo, afisa. Chukua tuyamalize hapa hapa, wakubwa wasijue." Nami nakula hongo yangu.

Mwaka ulipotimia Mama alisema, "Yatosha sasa. Mtu mzima anapekuliwa kila siku kama mwizi!" Ukamwambia, "Muache, Mama. Mimi mwenyewe nimemwajiri. Siku atakayosema 'pita' bila kufungua mkoba, siku hiyo ndiyo nitajua nimepona."

Ulisema kwa mzaha, na mimi nikacheka. Lakini nilisikia.

Pasi ndicho kitu cha kwanza ulichomnunulia Mama. Uliiweka juu ya meza yake ya kupigia nguo, ukaenda kuoga. Mama alipiga pasi mashuka mpaka yakaisha, akaanza kupiga matambara. Yule mteja wa suti ulimfuata kazini kwake, ukamwomba msamaha mbele ya wenzake. Kaka alikupa ufunguo wa kitasa kipya. Mwenye saluni alikurudisha, kwanza kufagia, halafu kuosha vichwa, halafu kiti chako kilekile karibu na dirisha.

Na kichwa changu kilikuwa shule yako ya pili. Ulinisuka ukafumua, ukanisuka tena ukafumua, vidole havikutaka kutii. "Vumilia, Forodha, nazitafuta njia zangu." Jumapili moja nilipitisha kidole kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, njia moja baada ya nyingine, na kidole hakikukutana na kona. Nilikwenda uani nikalia nyuma ya mashuka.

Miaka mitatu na miezi miwili, dada. Tunaiandika hapa ili kila atakayesoma aijue. Siku ya mazishi yako tulimsikia jirani wa mlango wa tatu, chai yetu mkononi, akisema, "Kwani nini? Amerudia tu. Hao hawaponi." Kaka aliinuka, Mama akamshika shati. Daktari alituambia moyo wako ulikuwa umeharibika tangu zile siku za sindano, kidogo kidogo, kwa siri. Alipima damu. Haikuwa na kitu. Uliondoka ukiwa msafi, na jirani yetu kama anasoma, asome mstari huu mara mbili.

Binti yako ana miaka minane sasa, na mimi ndiye ninayemsuka. Njia zangu mbaya. Juzi alishika kioo akaniuliza, "Mama mdogo, na hii inakwenda wapi?" Nikamwambia, "Inapitia kwa bibi kwanza." Akacheka kicheko chako kabisa, kile cha kuanzia puani, mpaka Mama akaacha pasi akaja kuangalia ni nani aliyeingia. Akabaki amesimama mlangoni. Baadaye kukawa na harufu ya kitu kinachoungua, na hakuna aliyemlaumu.

Mimi nywele zangu nimezikata. Sikutaka mkono mwingine. Na ikifika saa kumi na mbili, bado naondoa vitu kwenye kona ile ya meza ulipokuwa ukiuweka mkoba.

Sasa lile moja lililobaki.

Siku ile ya mwisho ulirudi mchana, si kawaida yako. Mimi nilikuwa uani na beseni. Nilipoingia nilikukuta kitini, umeinamia meza, jasho linakutoka, macho nusu yamefumba. Kama zamani. Kama kibarazani kabisa. Mkoba ulikuwa mbele yako, umefungwa.

Sikukuita jina. Sikukushika. Nilichukua mkoba nikaumwaga mezani. Kitana. Kioo. Pini. Kichongeo kipya cha mtoto. Nikageuza mifuko ya pembeni, nikapapasa bitana, nikapandisha na mikono ya gauni lako nikatazama ngozi. Haikuwa na alama mpya. Nikarudia kwenye mkoba. Ndani ya kitambaa kulikuwa na pipi.

Ukafungua macho. Ukauliza polepole, "Umeona nini, Forodha?"

Nikasema, "Hakuna kitu."

"Basi niitie Mama. Kifua kinanibana."

Nikakimbia. Tulipofika hospitali ulikuwa huongei tena.

Hakuna anayejua habari hii, hata Mama. Aliporudi alivikusanya vile vitu mezani akavirudisha mkobani, akidhani mkoba ulipinduka wenyewe. Sijawahi kumwuliza daktari kama zile dakika zilikuwa na uzito. Naogopa akisema ndiyo, na naogopa akisema hapana kwa kunihurumia. Lakini kweli ndiyo hii: nilikagua mkoba wako kabla ya kukagua pumzi yako. Jirani alisema kwa mdomo, mimi nilisema kwa mikono, na wewe uliniona. Nisamehe, dada.

Unakumbukwa na Mama, ambaye pasi yako haimpi mtu kuigusa. Na kaka, ambaye akipita na lori karibu na ile nyumba ya upataji nafuu hupiga honi mara moja. Na binti yako, ambaye bado anajua kukaa bila kutikisika. Na mwenye saluni na wasichana wake, waliokiacha kiti cha dirishani kwa wiki tatu bila mtu. Na yule bibi wa nafasi. Na wenzako wa kule ulikopatia nafuu, walioandika kwamba jina lako bado linatajwa wakikaa kwenye duara. Hatutakusahau, wala hatujajaribu.

Na mimi, Forodha wako. Mkoba uko kwenye msumari karibu na mlango, umefungwa kama Mama alivyoufunga. Mwaka mzima sijaufungua. Jana saa kumi na mbili niliutungua nikauweka kwenye kona ya meza, nikasimama mbele yake. Mikono yangu niliiweka nyuma. Nilitaka kulisema, lile ambalo siku ile sikulisema na wewe ulikuwa umeketi unalingoja. Sauti haikutoka. Kwa hiyo naliandika, kila mtu alione.

Pita, dada. Sikufungua. Pita.