Mashuka ya Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku amejibana kibanio cha nguo sikioni sasa hivi. Kisha akanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyembana, akaangua kilio. Nimekitoa, nimempuliza sikio, nimembusu. Akakichukua tena, akambana paka mkiani. Sasa paka yuko juu ya bati na mtoto analia kwa sababu paka kamkimbia. Miaka miwili na nusu tu, mdomo haupoi toka asubuhi. Ndiyo maana uani wanamwita Chiriku.

Lakini nilitaka kuandika jambo lingine.

Mlinzi wa ghorofa jipya alikuja nikiwa naanika. Akasimama mbali. Nimetumwa, mama Chiriku, usinimwagie maji. Akasema watu wa juu wamekaa kikao. Wanataka kamba zetu ziondoke kabla mwezi haujaisha. Zinaharibu mandhari. Hiki kiwanja kati yetu na wao wanataka kukizungushia ua waweke magari. Mwenye kiwanja kasema hana neno, mradi wa juu na wa chini wakubaliane wenyewe. Yeye hataki kelele mlangoni kwake.

Nikauliza nani hasa kalalamika. Mwenyekiti wao. Alitoka balkoni na kahawa yake, akaona mashuka yanapepea, kahawa ikamshinda.

Nikageuka nikayatazama hayo mashuka. Yenye ua la buluu pembeni. Ni yake! Mkewe aliniletea Jumamosi nimfulie.

Nilicheka hadi mlinzi naye akacheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Kufua ndiyo kazi yangu. Baba Chiriku ni fundi rangi, kazi yake inakuja na kuondoka kama mafua. Kufua ndiko kunakotuvusha. Na bila kamba, nguo za watu nitazikausha kwa kuzipulizia?

Jumanne, 4 Machi

Nimepeleka mashuka. Mke wa mwenyekiti ana maneno laini, kila kitu kwake ni "kipenzi". Akanipa mengine mawili, meupe yote. Nikamuuliza kuhusu kamba. Akasema usijali kipenzi, wewe utaendelea kufua, ila uwe unaanika mahali pengine.

Wapi?

Huko kwenu.

Nikamwambia huko ndiko kwetu. Pale unapopaona kutoka hapa.

Akatazama nje kwenye kioo muda mrefu, kama mtu anayetafuta nzi. Akasema, ooh.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kaita mkutano wa uani. Watu wote wamekuja, hata fundi cherehani ambaye haamki kwenye kiti chake ila kwa harufu ya chakula. Mama mkwe kakaa hapa tangu pale penye ghorofa palipokuwa shimo la maji machafu. Anayajua mambo ya zamani na hamwachii mtu mwingine ayasimulie.

Azimio: wa chini wote tunawagomea wa juu. Hakuna kuwafulia tena. Wavae uchafu wao wakauangalie balkoni.

Wote wakaitikia. Fundi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Nami nimekaa pale na beseni langu. Uani mzima anayewafulia watu wa juu ni mtu mmoja. Mimi! Wanagoma kwa mikono yangu, halafu wanapongezana.

Nikasema, Mama, kuna nguo nimeshaziloweka. Nguo iliyolowa haigomewi, itaoza. Akafikiri. Akasema haya, malizia zilizolowa, mgomo uanze na kavu. Baba Chiriku alikuwa kaegemea ukuta. Usiku nikamwuliza wewe unasemaje. Tuone, kasema. Huyu mwanamume siku ya kiama ataambiwa achague njia, atasema tuone.

Jumamosi, 8 Machi

Leo. Sijui nianzie wapi.

Nilianika kila kitu asubuhi, zangu, za watu, na za uani, maana kamba ni za wote. Nikampeleka Chiriku kliniki kupimwa uzito. (Kaongezeka. Muuguzi kasema hata sauti imeongezeka.) Mama mkwe alikuwa kwa dada yake anayeumwa. Uani kabaki fundi peke yake. Mvua ikatukuta kliniki. Nikajisemea si kitu, fundi yupo, ataanua. Ndivyo tulivyo hapa tangu nilipoolewa. Mvua ikinyesha, aliyepo anaanua za wote, hakuna kuuliza hii ya nani.

Tukarudi. Kamba tupu. Hakuna hata soksi. Na fundi kalala juu ya cherehani, shavu limeandikwa alama ya mkasi.

Mama mkwe alifika nyuma yangu tu. Akazitazama kamba. Akamtazama fundi. Sitaandika alichomwita. Kisha akajifunga nguo kiunoni akaelekea getini kwa watu wa juu, na sisi nyuma yake, na majirani waliokuwa wakirudi, na Chiriku mgongoni kwangu anapiga kelele "Mwizi! Mwizi!" kwa furaha kubwa. Mlinzi alipotuona alifunga geti, akalifungua, akalifunga tena. Mama mkwe akamwambia toa nguo zetu, mnataka kutuondoa na hata nguo ya ndani hamtuachii?

Ndipo mtu akaita kutoka juu. Ni yule tunayemwita Miwani, mama kijana wa ghorofa ya kwanza, ana mtoto wa rika la Chiriku. Mimi na yeye tunaitana dada. Watoto huitana, mmoja balkoni, mmoja uani, mpaka tuwatenganishe. Anasema ziko huku, zote kavu, karibuni.

Aliiona mvua akaona hakuna mtu. Akashuka mbio, mtoto mgongoni, akaanua zote akazipandisha kwake. Yeye, peke yake, ngazi zote zile.

Tukapanda. Mama mkwe akasimama mlangoni, anaangalia zulia, anaangalia miguu yake. Miwani akasema ingia tu mama. Akaingia. Na kitu cha kwanza alichokiona ni sidiria yake mwenyewe, imetandazwa vizuri kwenye mgongo wa kiti cha kulia chakula, na mume wa Miwani kakaa kiti cha pembeni yake anajifanya anasoma simu.

Mama mkwe aliichukua, akaiweka kwapani, akakaa.

Nikamwambia dada asante, Mungu akuzidishie. Nikamaanisha. Kisha nikaziona nguo. Kazikunja zote, zimenyooka kama za dukani. Na kazipanga kwa rangi. Nyekundu hapa, buluu pale, nyeupe kule. Kwa rangi! Nyumba sita, na bukta za fundi katikati.

Jumapili, 9 Machi

Jana tumechambua nguo mpaka usiku, chini ya taa moja. Hii ya nani, hii ya nani. Fundi kadai soksi ambazo hajawahi kuwa nazo. Nimechoka mpaka nywele.

Uani wamegawanyika. Fundi anasema anayechukua nguo bila ruhusa ni mwizi hata akizikunja. Nikamwambia na anayelala mvua inanyesha ni nani? Mama mkwe kajilalia tangu mchana, hata ugomvi hautaki, na hilo linanitisha zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepeleka mzigo wa mke wa mwenyekiti. Mashuka yake mawili niliyatoa kwenye fungu la nyeupe bila kuyakunjua, Miwani alikuwa ameshayakunja vizuri, nikaona nitayaharibu.

Kosa hilo.

Nimerudi nikamkuta mama mkwe anajinyoosha mlangoni, uso umeng'aa. Ananiambia mwanangu, siku mbili hizi nimelala kama bibi harusi, mgongo hata siusikii. Nikaingia chumbani kwake. Shuka jeupe kitandani, zito, laini kama maziwa. La kwake jeupe lina viraka viwili alivyoshonewa na fundi.

Tukatazamana.

Nikasema Mama, hili si letu. Akasema shuka ni shuka. Langu wanalo wao.

Jumatano, 12 Machi

Mlinzi tena. Mwenyekiti anasema kaibiwa shuka. Kapewa tambara lenye viraka. Anasema ndiyo maana alitaka kamba zitoke, watu wa chini hawaaminiki. Kesho kutwa atawaambia wenzake wote, na hapo, hata mgomo ukiisha, hakuna atakayenipa hata leso.

Mwizi, mimi! Nilikwenda kulitoa shuka kitandani mwenyewe. Mama mkwe akalikalia.

Nikamwambia Mama, ni jina langu hili. Akanishika mkono. Sauti yake ilishuka. Akasema najua ni jina lako. Lakini ukilipeleka wewe, umelirudisha kama mwizi aliyeshikwa. Aje alichukue mwenyewe. Tangu ahamie hapo anapita hapa mbele yangu, hajawahi kunisalimu. Aje, aniletee langu, ampe mke wa mwanangu jina lake. Mlinzi, kamwambie.

Sijui kama ana akili nyingi au ni mkaidi tu. Nadhani vyote.

Baba Chiriku: mimi ndiye niliyepaka rangi chumba chake cha kulala. Kijivu. Nilimwambia kijivu hakina usingizi. Ndiyo mchango wake wote wa leo.

Ijumaa, 14 Machi

Miwani kanisimamisha uchochoroni. Kakasirika kwa niaba yangu, aliwaambia wenzake jinsi nguo zilivyochanganyika, kwamba ni yeye aliyezipanga. Mwenyekiti kaliacha lile neno la mwizi. Lakini kikao kimekuja na wazo jipya. Chini ya ghorofa kuna chumba, wataweka mashine mbili za kufulia na ya kukaushia, wanataka mtu. Wanitaka mimi. Kazi ya kila siku, ndani, hakuna jua wala mvua. Macho yake yaling'aa, kweli alifurahi. Kamba hutazihitaji tena dada!

Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Nimefikiri mpaka uji umeungua. Mashine. Nimekuwa nikiota kibanda na bango langu, mlango wenye kufuli, nguo zisizoogopa wingu. Vidole vyangu vimepasuka, Chiriku akinishika anasema mama una miba. Lakini kama mimi sihitaji kamba, mwenye kiwanja ataambiwa nini? Kwamba wa chini wamekubali. Na hao wengine wataanika wapi? Nyuma ya choo?

Sijamwambia mtu. Sijui kwa nini naandika kwa herufi ndogo.

Jumapili, 16 Machi

Mwenyekiti kaja.

Naandika upesi. Niko ndani namlaza Chiriku, pazia limeshuka, nasikia kila kitu. Kaja kwa ndala, peke yake, shuka la mama mkwe ndani ya mfuko. Miwani kamfuata nyuma. Kasema habari za hapa. Mama mkwe akamwuliza, huko unakokaa shikamoo haipandi ngazi? Nikasikia shikamoo yake. Marahaba, karibu. Akampa kigoda cha fundi, kile kifupi. Mtu mrefu yule, kutoka kwenye upenyo wa pazia naona magoti yamefika masikioni.

Kasema binti hakuiba, nimeelezwa, nilikosea. Mama mkwe akasema paza sauti, yuko ndani. Akapaza. Alisema binti hakuiba, nilikosea! Uani mzima wamesikia. Hata paka kageuka.

Nimelia kidogo. Yamekwisha.

Wamebadilishana mashuka. Akasema viraka hivi vimeshonwa vizuri. Fundi akasema ni mimi. Wamecheka. Nikadhani basi, ataondoka.

Hakuondoka. Kaleta ya chumba cha mashine. Kasema huyu binti tutamtunza, na kamba zitakuwa hazina kazi, kwa hiyo kiwanja hakina ugomvi tena. Mama mkwe akauliza, na bukta za huyu fundi zikakauke kwenye mashine yenu?

Sasa wananigombania kama shuka.

Mama mkwe: hawezi kukubali, huyu ni mtoto wangu, namjua.

Miwani: mama, samahani, atakubali, anaitaka sana, nimeona usoni.

Mwenyekiti: kijana yeyote mwenye akili angeitaka.

Na baba Chiriku, ambaye wiki mbili hizi hajatoa neno lenye uzito: mke wangu hapendi makuu.

Hapendi makuu! Nani kakuambia?

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Si wa juu, si wa chini. Niko hatua tatu kutoka kwao, nyuma ya kitambaa. Chiriku kanyamaza, kidole mdomoni, naye anawasikiliza.

Mama mkwe anaita. We mama Chiriku, njoo uwaambie mwenyewe. Nakuja, Mama. Nalijua la kusema. Mashine naitaka, sioni haya kuitaka. Na kamba haitoki hata moja, waegeshe magari yao kwingine, nitafua kwa mashine yao na nitaanika kwenye jua letu, na kama hawataki hivyo basi wajue kwamba mimi

Anaita tena. Nakuja! Wajue kwamba mimi si shuka la